Seva ya kusoma tu kwa data za kisayansi: FTP, HTTPS, rsync au hifadhi ya wingu?

Mwaka 2021 vivinjari viwili vikubwa viliagana na FTP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya zamani ya kuhamisha faili mtandaoni. Firefox iliiondoa Julai, katika toleo la 90. Chrome ikafuata Oktoba, toleo la 95. Wengi hawakushtuka. Lakini kwa anayetunza seva ya data za mvua, matetemeko, jenomu au picha za setilaiti, viungo vilivyochapishwa kwenye makala za utafiti miaka kumi nyuma viliacha kufunguka kwa kubofya. Tangu hapo swali linarudi kila bajeti inapoandaliwa: tubaki na FTP, tuhamie HTTPS (njia ya kurasa za wavuti), tuweke rsync (programu ya kusawazisha nakala za faili), au tupeleke kila kitu kwenye hifadhi ya wingu?

Nalinganisha njia hizo nne kwa kazi moja tu: seva ambayo umma unaweza kuisoma na kupakua, lakini hauwezi kuandika, kufuta wala kubadili hata baiti moja. NFS na Samba, njia za kushirikiana folda, siziingizi. Hizo ni za ndani ya jengo, kwenye mtandao mnaouamini, na kuziweka wazi kwa dunia nzima ni kujitafutia balaa. Globus, huduma ya kuhamisha data kubwa za utafiti, nayo naiacha pembeni. Inafaa vyuo vyenye kompyuta kubwa pande zote mbili, ila ina akaunti na taratibu zake, na mgeni aliyekuja kuchukua faili moja la megabaiti tano hana haja nazo.

## Kwanza, kufuli liko wapi?

Kila moja ya njia hizi inakuja na mpangilio wa kuzuia uandishi, na wengi huishia hapo. Wanaandika `write_enable=NO` (usikubali kuandikiwa), wanajaribu kupandisha faili, wanakataliwa, wanafunga ofisi. Shida ni kwamba mpangilio huo unalindwa na programu ileile inayozungumza na dunia nzima. Programu ikiwa na tundu, mpangilio umekwenda nayo.

Mfano upo. Januari 2025 ilitolewa rsync 3.4.0 ili kuziba matundu sita ya usalama. Baya kuliko yote, lililopewa namba CVE-2024-12084, likiunganishwa na jingine la kuvujisha yaliyomo kwenye kumbukumbu ya seva, lilimwezesha mgeni asiye na nywila, aliyepewa ruhusa ya kusoma peke yake, kuendesha msimbo wake ndani ya mashine. Ruhusa ya kusoma ilitosha. Na hazina nyingi za umma zilikuwa zimefungua mlango huo kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu itifaki, shusha kufuli chini zaidi. Mashine inayopokea data mpya kutoka kwa watafiti iwe tofauti na inayohudumia umma. Mashine ya umma ipewe diski isiyoweza kuiandikia, na hapo `mount -o ro` peke yake haitoshi: atakayefikia mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine) ataipachika upya kwa kuandika, maana ufunguo umeachwa kwenye kitasa. Kizuizi kiwe upande ambao mvamizi hajafika. Seva ya diski itoe sehemu hiyo kwa kusomwa tu, au mfumo unaoendesha mashine pepe uiunganishe diski hivyohivyo. Ukiwa na ZFS (mfumo wa faili), chukua snapshoti (picha ya hali ya data kwa wakati huo) kila data mpya zinapoingia, na `zpool scrub` ipite mara kwa mara kugundua baiti zilizoharibika diskini kimyakimya.

Jambo la mwisho la msingi ni orodha ya hashi, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye faili na kubadilika faili likibadilika. Kila seti ya data iwe na faili la hashi za aina ya SHA-256 lililotengenezwa siku data zilipopokelewa. Likitengenezwa baadaye, kwenye seva ya umma, litathibitisha tu kwamba faili bovu limebaki bovu vilevile. BagIt, iliyochapishwa kama RFC 8493 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti) mwaka 2018, ni mpangilio mzuri wa kazi hiyo. Huna haja ya kubuni wako.

Haya yakishakuwepo, itifaki inabaki kuwa suala la wateja: nani anakuja kuchota, na anachotaje?

## Vigezo

Kila njia nimeipitisha kwenye vigezo vitano. Cha kwanza ni ulinzi: inazuiaje uandishi, na inamlindaje mteja asipewe faili lililochezewa njiani. Cha pili ni tabia yake mtandao unapokatika, na kwa msomaji wa ukanda huu sihitaji kukieleza sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ziliharibika, na Afrika Mashariki nzima ikaonja. Hata siku ya kawaida hesabu ni kali: terabaiti moja kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, bila kupungua hata kidogo, huchukua saa 22 hivi. Kwa megabiti 20 ni siku nne na nusu. Upakuaji usioweza kuendelea ulipoishia haufai.

Cha tatu ni uhakika wa faili, yaani mteja atajuaje kwamba alichopata ndicho kilichokuwepo. Cha nne ni kazi na gharama, nikihesabu pia muda wa msimamizi. Cha tano ni nani inamfaa.

## FTP

FTP ina umri mkubwa kuliko wengi wanaoitunza. Wazo liliandikwa katika RFC 114 mwaka 1971, na maelezo yanayofuatwa hadi leo, RFC 959, ni ya Oktoba 1985.

Ulinzi. vsftpd, programu ya seva ya FTP, ikiachwa na mipangilio yake ya asili haikubali kuandikiwa, na mgeni asiye na akaunti hufungiwa ndani ya folda moja. Kilichoziponza seva nyingi zamani ni folda ya "incoming", iliyowekwa ili watafiti walete data. Wahuni wakaigeuza ghala la programu za wizi. Usiwe nayo. Tatizo lisilo na dawa ni kwamba FTP ya kawaida haina usimbaji fiche. Aliye katikati ya njia kusoma data za umma si neno. Kuzibadili ni neno. FTPS inasimba, lakini inaifumba macho faiwoli, ambayo sasa haioni tena ni mlango (port) upi wa data unapaswa kufunguliwa.

Mtandao ukikatika. Amri ya REST inamruhusu mteja kuendelea alipoishia, na programu nyingi zinaijua. Kero iko kwenye muundo wenyewe: amri hupita mlango 21, data hupita muunganisho mwingine wenye mlango wake. Faili kubwa linaposhuka kwa saa mbili, njia ya amri inakaa kimya, na kipanga njia cha chuo kinaikata kikidhani imekufa. Faili linafika lote, lakini seva haiwezi kusema "tumemaliza". Skripti ya mteja inabaki imening'inia mpaka asubuhi. Aliyewahi kutunza FTP anaijua barua pepe inayofuata.

Uhakika wa faili. Hakuna amri ya hashi iliyokubaliwa na wote. Kibaya zaidi ni hali ya ASCII, inayobadilisha alama za mwisho wa mstari; faili la NetCDF (muundo wa data za kisayansi) au la picha likipita humo linaharibika bila onyo. Mteja asisahau kuchagua hali ya baiti.

Kazi na gharama. Programu ni nyepesi na mashine kuukuu inaimudu. Gharama iko kwenye milango ya data inayopaswa kuachwa wazi, na kwenye maswali ya watumiaji ambao kivinjari chao hakifungui kiungo.

Inamfaa nani. Vituo vyenye vifaa au skripti za zamani zisizojua kitu kingine. Wakubwa wamekuwa wakiondoka: Debian, mradi wa Linux, ilifunga FTP yake ya umma tarehe 1 Novemba 2017, kernel.org, ya kiini cha Linux, ilifunga mwaka huohuo, na CDDIS, hazina ya NASA ya data za jiodesia, ikafunga FTP ya wageni mwishoni mwa Oktoba 2020. Lakini tusiizike mapema. NCBI, hazina ya Marekani ya data za jenomu, bado inahudumia kwa FTP, ikitoa faili zilezile pia kwa HTTPS, kwenye jina lilelile linaloanza na "ftp".

## HTTPS

Ninayozungumzia hapa ni seva ya faili tuli: programu kama nginx, Apache au Caddy inayoelekezwa kwenye folda na kuonyesha orodha ya yaliyomo. Hakuna hifadhidata, hakuna ukurasa wa kuingia. Data za mvua za CHIRPS, zinazotolewa na Climate Hazards Center ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, zinazoanzia mwaka 1981 na kutegemewa sana na wachambuzi wa ukame wa Afrika Mashariki, hupatikana hivyohivyo: folda ndani ya folda, unabofya unashusha.

Ulinzi. Seva ya faili tuli inajua kutoa. Kupokea haijafundishwa mpaka wewe uwashe moduli ya WebDAV au uweke programu nyuma yake. Makosa ya kawaida ni ya kuonyesha zaidi ya ulichokusudia. Kwenye nginx, ukiandika `location /data` bila mkwaju wa mwisho, kisha `alias /srv/data/` yenye mkwaju, mgeni anaweza kuomba `/data../` na kupanda folda moja juu. Kagua pia faili zinazoanza na nukta na viungo vya ishara vinavyotoka nje ya hazina. TLS, usimbaji wa HTTPS, inafunga mlango wa kuchezea faili njiani, na vyeti vya Let's Encrypt vya siku 90 hujihuisha vyenyewe ukishapanga mara moja.

Mtandao ukikatika. Hapa HTTPS inajitetea vizuri sana. Ombi la masafa ya baiti linamwezesha mteja kusema "nipe kuanzia baiti ya bilioni mbili", na `curl -C -` au `wget -c` hufanya kazi hiyo bila mbwembwe. Seva ikitoa ETag (alama ya toleo la faili), mteja makini anaweza kuuliza kwa If-Range, asije akaunganisha nusu ya faili la jana na nusu ya lililosahihishwa leo. Kwa hazina zinazotoa matoleo mapya ya seti ileile, hilo halionekani mpaka liume.

Masafa hayohayo yameleta faida ambayo waasisi wa FTP hawakuiwaza. Picha za GeoTIFF zilizopangwa kwa ajili ya wingu na data za muundo wa Zarr husomwa kipande kipande. Mwanafunzi anayetaka mvua ya wilaya moja anafungua faili kubwa akiwa mbali na kuvuta megabaiti chache tu. Kwa mtu anayenunua bando kwa wiki, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utafiti utafanyika.

Uhakika wa faili. TLS inalinda safari, hailindi diski. Faili lililooza kwenye seva yako litafika likiwa limesimbwa vizuri na limeoza vilevile. Weka `SHA256SUMS` katika kila folda, na ikiwezekana uitie sahihi ya kidijitali kwa ufunguo usiokaa kwenye seva hiyo.

Kazi na gharama. Kasoro kubwa ya HTTPS ni kwamba haina njia rasmi ya kuorodhesha folda. Orodha unayoiona ni ukurasa wa HTML, na kila seva huuandika kivyake. Anayetaka hazina nzima inabidi atambae kiungo kwa kiungo kwa `wget -r -np`. Mrahisishie: nginx inaweza kutoa orodha kwa muundo wa JSON, unaosomeka na programu, au bora zaidi, tengeneza kila usiku faili moja lenye majina yote, ukubwa, tarehe na hashi. Mashine zinazokusanya kurasa za wavuti kwa wingi nazo huparamia orodha hizi usiku na mchana, kwa hiyo weka kikomo cha miunganisho kwa kila anwani. Kikomo kiwe cha huruma, maana chuo kizima kinaweza kuonekana kama anwani moja.

Upande wa pili, proksi na kache zote za dunia zinaielewa HTTP, na mlango 443 uko wazi karibu kila ofisi. Msimamizi mpya anaijua tayari.

Inamfaa nani. Hazina yenye wageni wa kila aina, na kituo chenye msimamizi mmoja mwenye kazi nyingine kumi. Haimfai sana anayetaka nakala kamili ya mamilioni ya faili, yenye kusasishwa kila siku.

## rsync

Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa rsync mwaka 1996, na nguvu yake ni kutuma kilichobadilika tu.

Ulinzi. Katika `rsyncd.conf`, `read only = yes` ndiyo hali ya asili. Ongeza `use chroot` (kuifungia programu ndani ya folda moja) na `max connections` (kikomo cha miunganisho). Lakini mlango 873, unaotumiwa na rsync, hauna usimbaji, na tundu la Januari 2025 limekwisha kuonyesha kwamba kusoma tu si kinga. Ikiwa seva yako bado ina toleo la kabla ya 3.4.0, na mgao (distro) wako wa Linux haukurudisha marekebisho kwenye toleo la zamani, hiyo ndiyo kazi ya leo, hata kabla ya kumaliza kusoma hapa. Kwa wabia wachache wanaojulikana, njia salama zaidi ni kupitisha rsync ndani ya SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mashine) na kumfunga mbia kwa skripti ya `rrsync -ro`, inayomruhusu kusoma folda moja na si zaidi.

Mtandao ukikatika. Hapa haina mpinzani. Amri ileile inarudiwa tu. Iliyokwisha kushuka inarukwa, na kwa `--partial` faili lililokatika katikati linaendelezwa. Unaiweka kwenye cron (ratiba ya mashine) na kulala.

Uhakika wa faili. Kila faili linalotumwa hukaguliwa hashi mwishoni. Yale ambayo hayatumwi, rsync huyalinganisha kwa ukubwa na tarehe tu; faili lililooza upande wa mteja bila kubadilika ukubwa wala tarehe litapitwa. Chaguo la `-c` linasoma kila kitu pande zote mbili, na diski zako zitalia. Tahadhari nyingine ni `--delete`: folda yako ikitoweka kwa bahati mbaya, vituo vyote vya nakala vitafuta kwa utii. Washauri wabia wako waweke kikomo cha idadi ya kufutwa kwa `--max-delete`.

Kazi na gharama. Kila mteja anapouliza, seva hupitia mti mzima wa faili. Kwa faili elfu kumi hutahisi. Kwa milioni kumi, wateja watano wakija kwa pamoja diski zinashindwa kuhudumia wengine. Wengine huepuka hilo kwa kugawa hazina katika moduli za mwaka au za eneo. Watumiaji wa Windows huhangaika kuipata, na vyuo vingi hufunga mlango 873.

Inamfaa nani. Vituo vya nakala na maabara zinazohitaji hazina yote. Hazina ya miundo ya protini, PDB, inatoa rsync pamoja na HTTPS, na mgawanyo huo una mantiki: anayetaka muundo mmoja anabofya, anayetaka yote anasawazisha.

## Hifadhi ya wingu ya mtindo wa S3

Amazon ilianzisha S3, huduma yake ya kuhifadhi faili, Machi 2006 na mtindo wake ukaigwa na karibu wote. Data hukaa kwenye baketi (chombo cha kuhifadhia), kila faili likiwa na jina refu lenye mikwaju. Folda unazoziona ni za kuchorwa tu, na ndiyo maana kubadili jina la "folda" ni kunakili kila faili na kufuta la zamani.

Ulinzi. Ruhusa zimegawanywa vizuri kuliko kwingine kote hapa: kusoma faili na kuorodhesha baketi ni ruhusa mbili, na kuandika kunahitaji funguo ambazo seva ya umma haizioni kabisa. Kuna utunzaji wa matoleo, na Object Lock inayozuia kufuta mpaka muda uishe. Ubaya ni kwamba mstari mmoja wa sera ukikosewa, baketi isiyokusudiwa inaweza kuwa ya umma bila wewe kujua.

Mtandao ukikatika. Chini yake ni HTTPS, kwa hiyo masafa ya baiti yapo, na programu za wateja hushusha vipande vingi sambamba.

Uhakika wa faili. Hapa pana mtego. ETag hufanana na MD5 (aina ya hashi), na wengi huitumia kama hashi. Faili likipandishwa kwa vipande, kama ilivyo kwa makubwa yote, ETag haiwi tena MD5 ya faili zima. Tumia hashi zako mwenyewe, zilezile za siku ya kupokea.

Kazi na gharama. Hutashika diski iliyoungua tena. Badala yake utashika ankara. Kuhifadhi kunakadirika, kinachotisha ni malipo ya data zinazotoka. Kwa bei ya kawaida ya AWS (huduma za wingu za Amazon) katika kanda za Marekani, takriban dola 0.09 kwa gigabaiti kwa terabaiti kumi za mwanzo za mwezi, mtu mmoja akipakua terabaiti kumi amekugharimu kama dola 900. Hazina ya umma haina namna ya kujua nani atakuja mwezi ujao, na mhasibu wa chuo hapendi ankara isiyojulikana.

Kuna njia mbili za kukwepa. Ya kwanza ni anayeomba alipe, kama zinavyofanya arXiv, hazina ya makala za kisayansi, kwa faili zake kwa wingi, na data za setilaiti za Landsat za USGS (shirika la jiolojia la Marekani) kwenye AWS. Inatenda haki kwa kampuni inayovuna petabaiti. Kwa mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu asiye na kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, ni mlango uliofungwa, na kuuita "data huria" kunahitaji ujasiri. Ya pili ni kudhaminiwa: kampuni za wingu hubeba gharama za seti zenye manufaa kwa umma, na NOAA, shirika la Marekani la bahari na angahewa, husambaza sehemu kubwa ya data zake za hali ya hewa kwa utaratibu huo kwenye AWS, Google na Microsoft.

Unaweza pia kuendesha mtindo wa S3 kwenye mashine zako kwa Ceph (programu huria ya hifadhi). Hapo ankara ya kutoa data inaondoka, na kazi inarudi mara mbili. Kwa kituo kidogo sioni faida yake.

Inamfaa nani. Hazina kubwa ambayo watumiaji wake wanachambua humohumo kwenye wingu, data zikiwa jirani na kompyuta. Anayeshusha kwenda kwenye laptopu haoni tofauti na HTTPS ya kawaida.

## Kwa hali yako

Kituo chenye terabaiti chache, wageni mchanganyiko na msimamizi mmoja kianze na HTTPS tuli, orodha ya usiku na SHA-256. Ni kazi ya siku chache, na baada ya hapo ni masasisho ya mfumo tu.

Vyuo rafiki vikitaka nakala kamili, usifungue rsync kwa dunia nzima kwa ajili ya wabia watatu. Wape SSH yenye `rrsync`, au ruhusu mlango 873 kwa anwani zao peke yake, na umma uendelee na HTTPS. Hazina maarufu yenye vituo vya nakala visivyojulikana mapema itabidi iwe na rsync ya wazi. Basi iwe kwenye mashine yake peke yake, yenye diski ya kusomwa tu, ambayo ukiipoteza unaijenga upya kwa saa moja.

Ikiwa hazina ni ya mamia ya terabaiti na wachambuzi wako tayari wako kwenye wingu, omba udhamini kabla ya kupandisha faili la kwanza. Nakala mama ibaki nyumbani. Mkataba wa udhamini una mwisho wake, na kuitoa hazina nzima kwenye wingu ni data zinazotoka kama zozote.

Wasomaji wako wakiwa ndani ya nchi zaidi kuliko nje, mahali pa seva pana uzito kuliko itifaki. Seva iliyounganishwa na kituo cha ubadilishanaji wa mtandao, kama KIXP Nairobi au TIX Dar es Salaam, hufikiwa na vyuo vya nchini bila trafiki kupitia ng'ambo. Wiki ya kukatika kwa nyaya za baharini, data zilizo kwenye seva za wingu Virginia, Marekani, huwa mbali sana.

Na ukiwa na FTP inayofanya kazi, usiizime Ijumaa. Weka HTTPS juu ya folda zilezile, kwa jina lilelile la mashine na njia zilezile, ili anayehama abadilishe herufi za mwanzo za anwani tu. Kisha soma logi za mlango 21 kwa miezi kadhaa. Utakuta wageni wengi ni skripti chache zinazojirudia, nyingine za kipokezi cha GNSS (ishara za setilaiti za kubainisha mahali) kilichofungwa juu ya paa na mtu aliyekwisha kustaafu. Tafuta wenyewe, waandikie, taja tarehe ya kufunga, na wasioweza kubadili wabakishie FTP kwa anwani zao pekee. Siku ya kufunga ikifika, bango la salamu la FTP liache liseme anwani mpya kwa miezi mingine kadhaa.